Waliokwenda Benki na Sisi Tuliobaki Kwenye Pampu

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Maji. Meneja wa Mtambo. Wageni mliofuatana naye. Wenzetu wa zamu ya asubuhi mliokubali kuchelewa kwenda nyumbani, nanyi wa zamu ya mchana mnaosikiliza huku sikio moja liko kwenye mashine:

Sisi wahandisi na mafundi wa mtambo huu wa kusafisha na kusukuma maji tunakusalimu kwa heshima na kwa furaha. Ninayesoma ni fundi umeme. Wenzangu wamenichagua kwa madai kwamba nina sauti ya kushinda mota, lakini maneno ni yetu sote. Tumeyaandika kwa siku nne katika chumba cha zamu, na tumeyabishania mpaka chai ikapoa mara nyingi.

UKARIBISHO

Karibu sana, mgeni rasmi. Ofisi kuu hupata wageni kila wiki, ila huku chini kwenye pampu watu wakubwa hawafiki mara kwa mara. Tumefurahi kiasi cha kupaka rangi milango yote jana jioni. Tunakuomba usiuegemee wowote.

Tunajua umekuja kwa jambo moja. Mezani kwako lipo pendekezo kwamba kila mhandisi tunayemwajiri kutoka chuoni afungwe kwa mkataba wa miaka saba, na vyeti vyake vikae kabatini ofisi kuu mpaka miaka hiyo iishe, ili asitukimbie kwenda benki au kwenye kampuni za bima. Pendekezo hilo halikutoka kwa Meneja, wala kwa wanasheria. Lilitoka kwetu. Tuliliandika wenyewe, tukatia saini watu ishirini na sita.

Leo tunakuomba usilipitishe. Tunaona haya kidogo kusema hivyo, kwa hiyo tunaomba utuvumilie tukueleze kilichotubadilisha.

TULIKOTOKA

Miaka sita iliyopita waliletwa kwetu wahandisi watatu, moto moto kutoka chuoni. Mmoja alikaa miezi mitatu akaenda benki. Hatumlaumu, hata sura yake hatuikumbuki vizuri. Alituachia kikombe cha bluu ambacho bado tunakitumia. Waliobaki ni wawili, na habari yetu ni yao.

Wa kwanza ni dada tunayemwita Mizani. Jina alipewa na msimamizi wetu wa zamu, ambaye sote tunamwita Baba Zamu. Wiki yake ya kwanza alimkuta akipima upya magunia ya dawa ya kusafishia maji, magunia ambayo yalikuwa yameshapimwa.

"Wewe binti," Baba Zamu akamwambia, "hata chumvi ya mboga nyumbani unaipima?"

"Naipima, baba. Ndiyo maana kwetu hakuna anayelalamika."

Tulicheka. Kuanzia siku hiyo Baba Zamu, ambaye kwa kawaida ni mgumu wa maneno, akawa anamwita mwanangu.

Wa pili ni kijana tunayemwita Mpole. Yupo hapa, amekaa mstari wa pili, na anaona aibu kutajwa. Mpole ni mtu wa kuzunguka mashine mara tatu kabla hajafungua kinywa. Mkewe ni mwalimu. Huwa anasema kwamba mumewe akiulizwa kama chakula kimeiva, anaomba apewe muda.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mtaa wa juu, ule wenye zahanati kileleni, ulikaa miaka kumi na moja bila maji ya bomba. Sisi wote tuliamini pampu ni dhaifu, haiwezi kupanda mlima. Mizani hakuamini. Alilifuata bomba kuu kwa miguu siku mbili nzima, na geji ya kupimia msukumo mkononi, akagundua kwamba nyuma ya uwanja wa shule bomba linapanda kilima kidogo halafu linashuka tena. Hapo juu hewa ilikuwa imejikusanya, maji hayana pa kupita. Pampu haikuwa na kosa lolote. Kilichotakiwa ni valvu moja ya kutoa hewa.

Aliandika ripoti ya kurasa nne akaipeleka ofisi kuu. Haikujibiwa. Akaipeleka tena, kisha mara ya tatu. Kimya.

Basi Mama Stoo, mtunza stoo wetu, akaingia kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana akatoka na valvu ya zamani imejaa kutu. Baba Zamu aliisugua kwa brashi ya waya siku mbili. Jumamosi asubuhi tukaenda tukaifunga, watu watano, na Mizani ndiye aliyekaza bolti ya mwisho.

Wengine tulikwenda kusubiri kwenye zahanati. Bomba lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza, halafu maji yakaja. Mkunga wa pale alifungua na kufunga lile bomba mara nne. Alikuwa anahakikisha tu kwamba akifungua tena yatarudi.

Wiki mbili baadaye ofisi kuu iliandika barua yake ya kwanza kwa Mizani. Ilimtaka ajieleze kwa nini alitumia kifaa cha mamlaka bila kibali.

Alijieleza kwa ukurasa mmoja. Nao haukujibiwa. Mgeni rasmi, tulishauriana sana tuliweke wapi jambo hili, na tumeliweka chini ya mafanikio kwa sababu maji ya mtaa wa juu yanatoka mpaka leo.

Miezi mitano baada ya barua ile, Mizani alipata kazi benki, katika kitengo kinachokagua miradi mikubwa kabla haijapewa mkopo. Alikuja kutuaga saa ya chai. Baba Zamu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Miaka minne umesomea mashine," akamwambia, "unakwenda kuhangaika na makaratasi?"

"Hata hapa nilikuwa na makaratasi, baba. Yale ya kule wanayasoma."

"Kwa hiyo unatutupa."

"Siwatupi."

Baba Zamu aligeuka akarudi kwenye pampu. Kwa miaka miwili hakulitaja jina la Mizani, na ole wako umtaje mbele yake. Ni katika hasira hiyo, mgeni rasmi, ndipo tulipoandika lile pendekezo la miaka saba. Yeye ndiye aliyetia saini ya kwanza. Sisi wengine tulifuata, baadhi kwa kukubaliana naye, na baadhi kwa sababu hatukutaka atunyamazie na sisi.

CHANGAMOTO

Baada ya hapo Mpole alibaki peke yake. Pampu ni zake, dawa ni zake, mabomba yanayovuja ni yake, na takwimu za kila Ijumaa ni zake. Tulimwona anavyokonda. Alikuwa anakula wali wake amesimama, sahani juu ya kabati la umeme, mpaka ikabidi nimkataze kwa sababu za usalama.

Mwaka jana pampu namba mbili ilianza kuua beringi, zile gololi zinazobeba mhimili unaozunguka. Tuliweka mpya, ikafa baada ya wiki tano. Tukaweka nyingine, ikafa. Ya tatu pia ikafa. Mpole alihisi tatizo si beringi. Alihisi kwamba msingi wa zege chini ya mota umetitia upande mmoja, hivyo mota na pampu hazitazamani sawasawa, na kila zinapozunguka zinavutana. Lakini huwezi kulipima hilo mashine ikiwa inazunguka. Aliomba kwa maandishi asimamishe pampu siku moja tu. Jibu lilikuwa hapana, kwa kuwa pampu namba moja ilikuwa kwenye matengenezo na mji usingeweza kukaa siku moja bila maji. Akaomba tena. Safari hii hakupata hata hiyo hapana.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, pampu namba mbili ilisimama yenyewe. Mji haukukaa siku moja bila maji. Ulikaa siku tatu.

Mengine mliyasoma magazetini. Ambalo halikuandikwa ni kwamba siku ya pili alikuja muuguzi wa wodi ya wazazi, ana madumu mawili matupu. Tulidhani amekuja kutufokea, na tulikuwa tumejiandaa. Alisimama pale mlangoni akasema taratibu:

"Sikuja kugombana. Nina akina mama kumi na wawili waliojifungua, na tangu asubuhi nanawa mikono kwa maji ya chupa. Niambieni tu ni leo au ni kesho, ili nijue nayagawaje."

Tulimjazia yule dada madumu yake kutoka kwenye tangi letu la akiba, akaenda. Mpole akazunguka nyuma ya stoo ya dawa. Tulimwacha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na simu ilikuwa mkononi. Alikuwa amempigia Mizani, na hakuwa amemwomba mtu ruhusa.

Kesho yake, saa sita na nusu mchana, Mizani alishuka getini na suti ya benki na viatu vya kisigino. Tulimuuliza ametokaje kazini.

"Bosi kaniuliza, kuna ndugu yako mgonjwa? Nikamwambia ndiyo."

"Ukamwambia ni nani?"

"Nikamwambia ni mtu mzima, moyo umesimama."

Mama Stoo alimletea ovaroli na buti, buti zinazomzidi namba mbili, akazijaza matambara. Baba Zamu alikuwa amesimama kando ya mashine. Mizani akamwendea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Tukasubiri. Baba Zamu akatazama mashine, akatazama zile buti, akasema, "Unataka spana ipi?"

Mgeni rasmi, hatutaki kutia chumvi. Mizani hakuja na maajabu. Jambo la kwanza alilofanya ni kumuuliza Mpole, "Wewe unaona ni nini?" Mpole akamweleza habari ya msingi. Mizani akasema, "Basi tupime hicho hicho." Wakaweka rula ya chuma kwenye kiungio cha mota na pampu. Upande mmoja rula ililala vizuri, upande wa pili ilibaki nafasi ambayo ukucha wangu ulipita. Mpole alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi kwa miezi minane, na kwa maandishi.

Tuliinua mota. Mama Stoo akakata vipande vya bati, tukavipanga chini ya miguu ya mota, tukakaza, tukapima. Haikukaa sawa. Tukalegeza, tukaongeza kipande, tukapima tena. Mara sita. Tukafunga beringi mpya. Saa kumi na moja jioni niliwasha umeme kwa mkono wangu huu, na mashine ikazunguka bila kutetemeka. Mpole alikaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji, akafunika uso kwa mikono miwili, akacheka kama mtu anayelia, au labda ilikuwa kinyume chake.

KILICHOSEMWA SAA YA CHAI

Tulikunywa chai wote, na kile kikombe cha bluu alipewa Mizani. Baba Zamu akasema bila kuzunguka:

"Rudi."

"Siwezi, baba. Na sitaki kukudanganya."

"Unaipenda kazi ile?"

"Naipenda. Mwezi uliopita nimesimamisha mkopo wa bwawa. Michoro yake ilikuwa mibovu, ukuta usingehimili mvua za miaka miwili, na chini yake kuna vijiji. Wahasibu walikuwa wameshaupitisha, mahesabu yote safi. Mimi niliufungua mchoro. Sasa niambie, baba, siku ile nilikuwa nimeacha uhandisi?"

Baba Zamu aliweka kikombe chini. Akauliza, "Na huku abaki nani?"

"Anayetaka kubaki. Wapo wengi wanaotaka. Mimi nilitaka. Niliandika ripoti moja mara tatu kwa sababu nilitaka."

Aliondoka na ovaroli mkononi, akasema atairudisha ikiwa imefuliwa. Mama Stoo akamwambia akae nayo, huenda akaihitaji.

Asubuhi iliyofuata Baba Zamu aliitisha kikao. Yeye si mtu wa vikao. Alisema amelala akiliwaza lile pendekezo, na amegundua kwamba kama lingekuwepo tangu alipoajiriwa, Mizani angekuwa bado yupo hapa, vyeti vyake vimefungiwa kabatini, na asingempimia mtu gunia wala bomba. "Mtu niliyemshika kwa nguvu sitamwachia pampu nikaenda kulala," alisema. "Jana yule binti hakuna aliyemlazimisha. Nafuta saini yangu."

Si wote tuliokubali, na si haki kukuficha. Fundi wa dawa alisimama akasema kwamba hiari ni tamu kwa anayeondoka, ila anayebaki ndiye anayebeba madumu. Alisema watoto hawa wamesomeshwa na umma, na mji nao una haki yake kwao. Mpaka leo saini tatu hazijafutwa, na wenyewe wapo hapa, na tunawaheshimu. Ishirini na tatu tumefuta.

MAOMBI

La kwanza umeshalisikia: tunaomba pendekezo la miaka saba liwekwe kando.

Tunaomba ripoti ya mhandisi ijibiwe ndani ya wiki mbili, hata kama jibu ni hapana. Hapana tunaweza kubishana nayo. Kimya hatukiwezi. Tunaomba pia mhandisi wa mtambo apewe uwezo wa kusimamisha pampu moja kwa siku moja kwa saini yake, akiwa tayari kuwajibika.

Kwa sasa mhandisi wetu akitaka kupanda cheo, lazima aondoke kwenye mashine aende kukaa ofisini. Kama ni kuondoka tu, benki nako kuna ofisi, tena zenye viyoyozi. Tunaomba kiwepo cheo cha mtu anayebobea hapa hapa kwenye pampu.

Tunaomba walioondoka kwa heri waweze kuitwa rasmi siku ya shida, kwa barua kwa mwajiri wao, ili watu wazima waache kudanganya kwamba wana ndugu mahututi.

Kuhusu mishahara hatukuandika kitu. Si kwamba inatosha. Ni kwamba tulipowauliza wahandisi wenyewe, waliitaja ya pili, baada ya kujibiwa.

NENO LISILOKUWEMO KWENYE KARATASI

Mgeni rasmi, wenzangu wanisamehe, haya nayasema kwa kinywa changu. Tunajua kwamba nawe ulisomea uhandisi wa mitambo, ukafanya kazi ya mitambo miaka mitatu, kisha ukaingia kwenye mambo ya fedha ambako umefanikiwa. Tulipoandika risala hii tuliogopa utadhani tunakusema. Wengine walitaka tufute sehemu nzima ya benki.

Lakini leo asubuhi, tulipokutembeza, ulisimama mbele ya pampu namba mbili ukauliza, "Huu msingi hupimwa kila baada ya muda gani?" Tangu niajiriwe hapa hakuna mgeni aliyewahi kuuliza swali hilo. Nilimtazama Baba Zamu, naye akanitazama. Ndiyo maana nimesoma yote bila kuruka mstari.

HITIMISHO

Limebaki la Mpole. Mwezi uliopita kampuni moja ya bima ilimwandikia barua ya kumwajiri. Kazi ni nzuri, mazingira ni mazuri, na walimpa hadi Ijumaa iliyopita awajibu. Sisi hatukumshauri lolote, ingawa midomo ilituwasha. Baba Zamu ndiye pekee aliyemwendea, akamwambia, "Ukienda, uniage kwa mkono. Sitakugeuzia mgongo." Nyumbani, mkewe alimwambia aamue lolote, mradi aanze kula amekaa.

Ijumaa mchana Mpole aliwajibu kwamba anashukuru, ila hatakwenda mwaka huu. Ana michoro ya msingi mpya wa zege wa pampu zote mbili. Anataka aione imejengwa, naye amesimama pale wakati zege linamwagwa. Amebaki kwa hiari yake. Tulimuuliza kama anaahidi kubaki na mwakani, akazunguka mashine mara tatu kama kawaida yake. Jibu alilotupa ametuomba tukufikishie neno kwa neno:

"Mwambieni mgeni rasmi, mwaka huu nimeamua peke yangu. Wa mwakani tutaamua wawili, mimi na yeye."

Mungu akupe afya, mgeni rasmi, akulinde njiani, aibariki familia yako na kazi ya mikono yako. Awabariki na wenzetu wote waliotawanyika katika mabenki na mabima. Popote walipo, walichojifunza kiwalinde na kiwalinde watu. Na mabomba ya mji huu yasikauke.

Ni sisi,
Wahandisi na Mafundi wa Mtambo wa Maji,
zamu zote nne.